Safari Hii Usiniulize Mimi

Kiganjo, Thika
Alhamisi, saa nane mchana

Kwako Nyambura, mami,

Salamu hizi zitakufikia ukiwa umechomwa na jua na midomo imepasuka, kwa hivyo sikuulizi kama u mzima. Mimi ni mzima, ila moyo unanipiga kama mtu aliyepanda ngazi mbio, na niko nimekaa tu.

Nimefunga kibanda. Umeenda saluni kunyoa, ukasema nywele ndefu ni mzigo huko majini, na mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu kabla hujarudi. Wateja wanagonga dirisha. Mmoja ameuliza, "Mama Nyambura, kwani chapati nazo zinapanda ndege kesho?" Nimenyamaza kama sipo. Wewe unajua watu hutoka hadi Makongeni kufuata chapati zangu, na bado nimenyamaza. Hapo ujue hii si barua ya kusalimiana.

Fundi Kamande ameniambia mlivyopanga. Niandike barua moja, ifungwe ndani ya plastiki, ibandikwe kwenye kile kijumba chako cha kulala huko botini, na usiifungue mpaka ufike pale ulipookolewa mwaka jana, siku tano hivi kabla ya kufika kisiwa cha Antigua, ng'ambo ya Atlantiki. Anasema hapo ndipo watu wanaovuka bahari peke yao huishiwa. Katikati ya maji mtu hupiga kasia kwa sababu hana lingine la kufanya. Mwisho ukikaribia ndipo akili inaanza kuuliza maswali.

Sitakuambia habari ya dawa ya vidonda, wala ya kunywa maji, wala ya kusali. Nimekulea, najua nilichoweka ndani yako. Kamba ya kiunoni peke yake ndiyo nitakayoitaja, na ni mara moja: usiifungue hata kama bahari imelala. Basi, maagizo yameisha.

Sasa wacha nijisifu kidogo, kwa sababu nisipojisifu utafikiri barua imeandikwa na mtu mwingine.

Nimekulea peke yangu kwa sufuria mbili na jiko moja. Wenzako walipokuwa wanazunguka na bahasha wakitafuta kazi za ofisi, wewe ulikuwa Ruiru kwa Kamande ukipaka faibaglasi kwenye matangi ya maji, unarudi jioni unanuka gundi, unajikuna mikono. Watu wakaniambia hiyo si kazi ya msichana. Nikawaambia wangoje. Kisha siku moja mkaacha tangi mkaunda boti, ukaenda kulijaribu kwenye bwawa la shamba la kahawa, walinzi wakakufukuza wakidhani unaiba samaki. Mimi nilikuja na leso begani nikagombana na wale walinzi mpaka wakakuachia bwawa kila Jumapili. Ukiulizwa nani alikuwa mdhamini wako wa kwanza, usitaje kampuni. Taja leso.

Na tangu hapo sijanyamaza. Nimemwambia pasta, nimewaambia watu wa boda, nimemwambia hata daktari wa meno akiwa na mkono mdomoni mwangu. Leo mtu akisema "Mama Nyambura" pale stegi ya matatu, vichwa kumi vinageuka, na mimi natembea polepole ili wamalize kuniangalia.

Lakini ni huu mdomo ndio umenifanya nikae chini leo kuandika. Umetugharimu mara mbili. Mara ya kwanza ulinigharimu mimi. Mara ya pili ulikugharimu wewe.

Ya kwanza unaifahamu, ila hujui ilivyokuwa.

Ulikuwa fomu mbili. Mimi nilikuwa nimeachia fomu tatu zamani, nikaamua kurudi masomo ya watu wazima jioni ili nifanye mtihani wa fomu foo. Watoto wa hii ploti wakaniita Ngumbaru, nikawaambia Ngumbaru huyu atawapita. Unakumbuka tulivyokuwa tukisoma kwenye meza moja, unanifundisha hesabu, ukinikasirikia kama mwalimu. Karatasi zikaanza. Nikafanya ya kwanza, ya pili, nikafanya zote mpaka zikabaki mbili, historia na biashara. Hata biashara naifanya kila siku hapa dirishani. Na kila niliporudi nyumbani nilikuwa nawaambia watu nimemaliza, kwa sababu mbili ni nini. Nikashona suti ya kupigwa picha na cheti. Ile ya kijani.

Asubuhi ya historia nikakuambia nina malaria. Ulinichemshia maji ya ndimu, ukanifunika blanketi mbili, ukachelewa shule kwa ajili yangu. Mami, ile malaria haikuwako. Nilikuwa na jasho, ndiyo, lakini lilikuwa jasho la kukaa chini ya blanketi mbili jua likiwaka.

Niliogopa kumaliza. Nimefikiri sana jambo hili nikisukuma chapati na sijapata jina lingine la kuliita. Ukiwa hujamaliza, hakuna mtu anayeweza kukuambia umepata alama gani. Unabaki kuwa yule aliyekuwa karibu. Na mimi nilikuwa nimeshajipa hongera zote, nimezila zote, kwa hivyo hapakuwa na kitu kinaningoja kwenye kile chumba cha mtihani isipokuwa ukweli. Mdomo wangu ulikuwa umeshafika, miguu ikaona haina kazi.

Nakuambia haya kwa sababu inawezekana hapo ulipo, unaposoma, kuna sauti inakuambia umechoka, na huenda si uchovu. Umekaa wiki nyingi ukiwa mtu anayevuka bahari. Ukishuka pale bandarini utakuwa mtu aliyevuka, na watakuuliza kesho unafanya nini. Hata hilo linatosha kulegeza mikono. Ukiligundua, liite jina lake, halafu piga kasia nalo likiwa limekaa hapo hapo botini. Mimi nililiita malaria na likanishinda.

Ya pili ndiyo nilikuwa naizunguka tangu nifunge dirisha.

Mwaka jana, siku ile ya Jumatano, ulipiga simu ukasema, "Mathe, zimebaki siku nne. Jumapili niko nchi kavu." Sauti yako ilikuwa imekauka lakini ilikuwa na nguvu. Na mimi nilikuwa nimeshawaita akina mama wa kanisa, kwa sababu Kamande alikuwa ameniambia utapiga siku hiyo. Walikuwa kumi na wawili hapa nje ya kibanda, wamevaa fulana zenye picha yako nilizochapisha Githurai. Nikaweka simu sauti ya juu, nikainyanyua, nikawaambia wapige ngemi.

Unajua kwetu vigelegele hivi vina hesabu yake. Mtoto wa kike hupigiwa tatu, wa kiume tano. Mimi nikawaambia wapige tano, na mwenye swali aje aniulize mimi. Wakapiga tano, mami. Mbwa walibweka hadi upande ule wa shule.

Mama Otieno peke yake hakupiga. Alikuwa amesimama kando na karai lake la omena, wale dagaa anaouza, akanisogelea taratibu. "Mama Nyambura," akasema, "kwani ninyi hupigia mtoto kelele kabla hajazaliwa? Huyo bado yuko ndani ya maji." Nikamwambia wivu haujawahi kumnenepesha mtu. Wale wengine wakacheka. Yeye hakucheka, akabeba karai lake akaenda.

Baadaye wewe mwenyewe uliniambia ulichofanya baada ya ile simu. Ulikula ile pakiti ya nyama uliyokuwa umeiweka kwa siku ya mwisho. Ulioga kwa maji matamu. Ukalala saa sita mfululizo, wewe uliyekuwa ukilala saa moja moja na nusu tangu uondoke visiwa vya Kanari. Ulisema ulisikia mwili wote umeshuka. Uliniambia ukicheka, kama kichekesho chako mwenyewe, na mimi nikacheka pia, lakini ndani nilijua. Mikono yako ilikuwa imesikia ngemi. Ikajua imefika.

Alhamisi upepo ukageuka. Ukatupa ile nanga ya parachuti majini, ukajifungia kijumbani, na kile kidoti cha kuonyesha boti lako liko wapi, kwenye simu yangu, kikaanza kurudi nyuma. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kidoti kinachorudi nyuma. Nilikuwa nikigeuza chapati moja naangalia, nageuza naangalia, mpaka nikaunguza sahani nzima. Tenti za sherehe yako zilikuwa zimeshasimamishwa uwanjani. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya choo, analia usiku na mchana kama anayeuliza kinachochelewesha. Na kila aliyepita hapa, kila mmoja, aliuliza neno moja. Amefika? Asubuhi wanauliza, mchana wanauliza, hata yule mtoto wa kuleta maziwa. Amefika? Ijumaa jioni nilikuwa sitaki kutoka nje kwenda msalani.

Sasa Jumamosi.

Jumamosi asubuhi Kamande alinipigia. Nataka usome hapa polepole. Alisema ameangalia upepo na ule mtandao wake, na kwamba Jumatatu asubuhi upepo utalala, halafu utageuka uje nyuma yako ukusukume. Akasema betri zako zimeisha kwa sababu ya mawingu, huwezi kupata ujumbe wake, lakini una akiba ya kupiga simu moja, pengine. Akasema, "Mama, akikupigia wewe badala yangu, mwambie kitu kimoja tu. Jumatatu. Avumilie mpaka Jumatatu." Nikamwambia sawa. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Jumatatu.

Saa kumi jioni ukapiga. Ulikuwa na simu moja, na badala ya kumpigia Kamande mwenye upepo, ulinipigia mimi.

Hukulia. Ningependa ungelia. Ulisema, "Mathe, mikono imekataa. Nibonyeze?" Nilijua ni kile kitufe chekundu cha kuita waokoaji. Nilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Nje ya dirisha alikuwa amesimama mtu anangoja chapati, na nilijua nikimaliza kuongea ataniuliza kama umefika.

Nikakuambia, "Bonyeza, mami. Rudi nyumbani."

Sikukuambia Jumatatu.

Nimejaribu mwaka mzima kujiambia nilisahau. Sikusahau. Neno lilikuwa hapa mdomoni, na huu ni mdomo usiojua kufunga. Nimejaribu kujiambia niliogopa ungekufa, na kweli niliogopa, hilo ni la mama yeyote. Lakini Kamande alikuwa ameniambia boti ni zima, wewe ni mzima, ni kuvumilia tu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Siku mbili zaidi za kile kidoti, siku mbili zaidi za lile swali, mimi hapa nchi kavu, kwenye kiti, nina chai. Nilitaka kiishe. Nilitaka niweze kutoka nje niseme kitu, chochote, hata kama ni kibaya. Ukaniuliza wewe, na mimi nikajijibia mwenyewe.

Waokoaji wakaja Jumapili. Jumatatu ulikuwa unavutwa kuelekea bandarini. Uliporudi ulinisimulia, umekaa pale kwenye kreti ya soda, ukasema, "Ajabu ni kwamba siku ya kuvutwa maji yalikuwa yametulia kabisa, mathe. Kama supu iliyopoa. Hata upepo ulikuwa mgongoni." Ukacheka kidogo, halafu ukafunika uso. Mimi nilikuwa naosha sahani. Niliosha zile sahani mara tatu.

Kamande naye aliniuliza kama nilikupa ujumbe. Nikamwambia laini ilikatika. Ni mtu mzuri, akaamini. Hadi leo anajilaumu kwa betri.

Na wewe ukajilaumu kwa mikono. Hapo ndipo ninapoumia. Vijana wa stegi wakakuita Bado Kidogo, mmoja nikammwagia maji ya vyombo, unakumbuka, na ulinikataza ukasema, "Wacha tu, mathe, si wanasema ukweli." Ukaanza kufanya mazoezi ya mikono kama mtu anayeiadhibu. Nakusikia alfajiri ukivuta ile kamba ya Kamande uliyofunga mlangoni, na kila ukivuta nasikia kama ni mimi unanivuta niseme. Sijasema. Nimekupikia mayai, nimekukanda mabega, sijasema.

Mikono yako haikukataa, Nyambura. Ilichoka, kama mikono ya watu. Ingelala Jumapili na Jumatatu ingeamka. Aliyekataa ni mimi.

Nimepumzika kidogo hapa. Nimekunywa maji. Mama Otieno amepita nje, akamwambia yule wa chapati aende zake, leo mwenyewe ana mambo.

Wacha nikupe kitu ambacho si changu, ni cha yule mwenye jina lako. Mama yangu, Nyambura wa kwanza, ndiyo maana wewe nakuita mami na sikuiti kama watu wanavyoita watoto wao. Alichuma kahawa Ruiru miaka yake yote, na mimi nilichuma naye kuanzia siku nilipoacha shule mpaka nilipokupata wewe. Kila mtu hupewa laini yake ya miti. Nyapara anakuonyesha huu ni mwanzo, ule ni mwisho, jioni unapeleka debe lako linamwagwa chini kwenye gunia linaangaliwa. Wakikuta kahawa ya kijani imechanganyika na nyekundu, unakaa chini unachagua moja moja huku wenzako wanaenda.

Mama yangu aliniambia angalia kijani inatoka wapi. Sikuelewa. Akanionyesha. Asubuhi mikono yangu ilikuwa inachuma nyekundu tupu. Mchana vilevile. Nikifika miti mitano ya mwisho, nikiona njia na lori, mikono inaanza kukwapua, kijani, majani, vijiti, chochote. Si kwa uchovu. Mti wa kumi ulikuwa na uchovu huo huo. Ni macho yalikuwa yameona lori.

Kwa hivyo yeye alikuwa na namna yake. Ikibaki miti mitano, anaiacha. Anavuka kwenye laini ya kesho, anachuma mti wa kwanza wa huko, wote, mpaka uishe. Halafu ndiyo anarudi kumaliza ile mitano. Watu walimcheka, nyapara alimwambia anapoteza njia. Lakini debe lake sikuwahi kuliona likirudishwa. Nilipomuuliza alisema mikono yake ikirudi kwenye ile mitano inakuta si mwisho tena, ni katikati, kwa sababu kazi ya kesho imeshaanza. Hakuna mahali mikono inaweza kusema imefika.

Mimi nilijaribu siku mbili nikaona ni ushamba, nikaacha. Mimi nilipenda kuimba nikiona lori.

Sasa wewe bahari haina laini, lakini nadhani unaweza kuona namna. Usiwe unapiga kasia kwenda Antigua. Panga kazi iliyo upande wa pili wa Antigua na uianze ungali majini. Andika kwenye kile kidaftari chako jinsi utakavyorekebisha ile bawaba ya mlango wa kijumba ambayo Kamande hajaipatia. Anza barua ya kumwambia. Kama ratiba yako ni kupiga saa mbili na kulala saa moja na nusu, siku ya mwisho iwe hivyo hivyo, na chakula kiwe kile kile kibaya. Usioge. Ukinusa nchi kavu, na Kamande anasema harufu hufika kabla ya macho, endelea kunuka.

Na ukiwa na betri ya simu moja, mpigie mwenye upepo. Usinipigie mimi.

Hili nalisema nikiwa na akili zangu. Nimemrudishia Kamande ile simu aliyokuwa amenipa ya kupokea simu zako za baharini, na kile kidoti kijana wake amekifuta kwenye hii yangu. Nimewaambia akina mama wa kanisa mwaka huu hakuna fulana, wamedhani ninaumwa. Watu wakiuliza nitawaambia uko majini, na kesho nitawaambia uko majini. Si eti sitaki kusikia sauti yako. Najua nikiisikia, nitataka kiishe. Mimi ndiyo hivyo nilivyo, nimeshajipima mara mbili na nimeona. Mama anayekupenda hivi si mtu wa kuulizwa saa ya hatari. Kama kweli utafika mahali pa kubonyeza, boti limepasuka au mwili umevunjika, bonyeza bila kuniwaza, na ukirudi utakula hapa kwanza kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, nikiwemo mimi. Lakini kiwe ni kidole chako na kichwa chako.

Sasa kuna kitu kinanisumbua, na nimekiona nikiandika.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii. Plastiki ninayo hapa, na gundi ile nzito ya Kamande. Ungeifungua huko mbali, baada ya wiki nyingi, pale pale nilipokuangusha, na mimi ningekuwa hapa nikisukuma chapati, sioni uso wako. Nimejiambia ni kwa faida yako, ati ukijua hapo kwamba mikono haikuwa na kosa, utapata nguvu. Pengine ni kweli. Lakini nimeangalia hii gundi nikajua ninafanya nini. Ni zile blanketi mbili tena. Ni laini ilikatika tena. Ninangoja uwe mbali ndipo nikuambie, na huko hutakuwa na mahali pa kuzira wala mtu wa kumfokea, ila maji.

Na kama ukisoma hapo ukashikwa na hasira, hasira itakupigisha kasia siku moja. Ya pili je?

Kwa hivyo siifungi. Najua ninachohatarisha. Ndege ni kesho asubuhi. Unaweza kusoma ukakataa kuniaga. Unaweza kulala kwa Kamande leo na uondokee huko. Unaweza hata kusema huendi tena, kwa sababu uliyemwamini ndiye aliyekuuza, na mimi nitakuwa nimekunyang'anya bahari mara mbili. Lakini ukienda, utaenda na mikono unayoijua. Hiyo ya mwaka huu wote, unayoiadhibu kila alfajiri, si yako, ni ya uongo wangu.

Huko mbele, ukitaka uisome tena, ibebe. Usipotaka, itupe hapa hapa jikoni.

Nasikia sauti yako pale nje. Unamsalimia Mama Otieno, anakuambia umekuwa kama askari, unacheka. Nimefungua dirisha na mlango. Sitakupa chai kwanza. Kaa hapa mbele yangu, mami, kwenye mwanga, na usome mpaka mwisho. Mimi sitasema kitu. Utaniambia wewe.

Ni mimi niliyekuzaa,
Wanjiku, mama yako.